Uko Chini? Ng'oa Gadi!

Hebu fikiria. Umelala chali kwenye mkeka wa mazoezi. Mwenzako, tena mnene kuliko wewe, amekukalia tumboni. Kifua kimebanwa, jasho lake linakudondokea jichoni, na rafiki zako pembeni wanapiga kelele: "Toka! Toka hapo!" Sasa utatokaje?

Wengi wetu tukifika hapo tunafanya mambo mawili. Tunamsukuma kifuani kwa mikono yote miwili, na tunabana pumzi. Yote mawili ni makosa. Ukinyoosha mikono unampa mwenzako zawadi, maana mkono ulionyooka ni rahisi kukamatwa na kukunjwa. Na ukibana pumzi utachoka kabla hata ya kujaribu chochote. Dakika moja tu na wewe hoi.

Mimi nilijua habari hii nikiwa upande wa pili, yaani juu. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, siku yangu ya kwanza kwenye mazoezi ya judo. Nilipangiwa msichana ambaye nilimzidi si chini ya kilo kumi na tano. Nikamkalia, nikajiona bingwa. Nilikuwa hata sijamaliza kutabasamu nikajikuta naangalia dari, yeye yuko juu yangu na ananiuliza kwa upole, "Dada, umeumia?" Sikuumia. Niliaibika, hilo ndilo la kweli. Nikamwambia, rudia tena nione umefanyaje. Akarudia mara sita. Mara zote sita nilikwenda chini.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu kumpindua aliye juu. Mtaani tunajua ngwala, au wengine mnaita mtama: mtu amesimama, unampitishia mguu, chali! Sasa hii ni ngwala ya aliyelala. Wapo wanaodhani ukishakuwa chini umeshashindwa. Wachezaji wa judo na wa jujitsu ya Brazili hawakubaliani nao hata kidogo.

MTU ALIYE JUU ANA MAGADI MANNE

Kama umewahi kufika ufukweni maji yakiwa yamekupwa, umeona mashua zilizopumzishwa mchangani. Mashua haiwezi kusimama yenyewe kwa sababu chini imechongoka. Kwa hiyo mabaharia huiegemeza kwa miti pembeni, huku na huku. Miti hiyo inaitwa magadi. Gadi moja ikitoka, mashua inalala upande ule ule uliokosa gadi. Haijali ni kubwa kiasi gani. Tena ikiwa kubwa ndiyo inaanguka vibaya zaidi.

Mtu aliyekukalia ni kama mashua hiyo. Ana magadi manne: mikono miwili na magoti mawili (au miguu, kama amesimama). Ukimsukuma kulia, anatupa mkono wa kulia chini, anajishikilia. Ukimsukuma kushoto, vivyo hivyo. Unaweza kusukuma mpaka kesho. Lakini ukiufunga kwanza ule mkono wa kulia, halafu ukazuia na goti la kulia, ndipo ukasukuma upande huo huo, ataegemea nini? Hakuna.

Kumpindua mtu ni hivyo tu: ng'oa gadi, halafu sukuma upande uliokosa gadi. Watu wengi wanafanya kinyume, wanasukuma kwanza halafu ndiyo wanatafuta mkono wa kuufunga. Wakati huo mwenzako keshajipanga.

Wale wa Fizikia mnalijua jambo hili kwa jina jingine. Kitu husimama imara ikiwa kitovu cha uzito wake kiko juu ya eneo linaloegemea ardhi. Kitovu kikitoka nje ya eneo hilo, kitu kinaanguka. Ukiondoa mkono na goti la upande mmoja, umelipunguza sana eneo hilo. Ndiyo maana mtu mwembamba anaweza kumpindua mnene. Nguvu bado inasaidia, nisikudanganye, lakini inasaidia baada ya gadi kung'oka.

HABARI HII ILITOKA WAPI?

Jigoro Kano alizaliwa Japani mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa umbo, na shuleni wenzake walimwonea. Akaenda kujifunza jujitsu, mieleka ya kivita ya nchi yake, na mwaka 1882, akiwa na miaka 21 tu, akaanzisha shule yake mjini Tokyo iitwayo Kodokan. Mchezo wake akauita judo. Kano alifundisha kwamba kabla hujamwangusha mtu, mtoe kwanza kwenye mizani yake. Jambo hilo Wajapani wanaliita kuzushi. Kwetu ndiyo kung'oa gadi.

Mwanafunzi mmoja wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914. Baadaye, katika mji wa Belém, alimfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie. Carlos na ndugu zake wakaukazania zaidi mchezo wa chini, yaani pale ambapo mmoja amelala na mwingine yuko juu. Mdogo wao Helio hakuwa na mwili mkubwa, na hakuweza kutegemea mabavu. Hapo ndipo ilipotoka jujitsu ya Brazili. Mwaka 1993, mtoto wa Helio aitwaye Royce alishinda shindano la kwanza la UFC huko Denver, Marekani. Siku hizo hapakuwa na madaraja ya uzito, mwembamba anapambana na pande la mtu. Mwaka uliofuata Royce alimshinda Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi uzito kwa mbali, akiwa chini muda mrefu kweli kweli. Hakumpindua, alimfunga kabali kwa miguu akiwa amelala vile vile. Lakini dunia nzima ilielewa kwamba aliyelala chini naye yumo mchezoni.

Katika mashindano ya jujitsu ya Brazili, ukimpindua mwenzako ukiwa umemdhibiti kwa miguu yako, halafu ukabaki juu kwa sekunde 3, unapata pointi 2. Katika judo kupindua peke yake hakuna pointi, lakini ukimpindua ukamkandamiza mgongo chini kwa sekunde 20, mechi imekwisha, umeshinda.

Haya, tuingie mkekani. Nasema mkekani! Sakafu ya saruji bwenini si mkeka. Na godoro linaloteleza juu ya sakafu hiyo nalo si mkeka. Mfanye kwenye mikeka ya mazoezi, au kwenye mchanga mlaini usio na mawe wala chupa, na awepo mwalimu anayejua mchezo. Maelezo haya ni ya kukufanya uelewe unachofundishwa. Hayatoshi kukufundisha peke yako.

DARAJA

Tuanze na yule aliyekukalia tumboni, maana ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Kwanza, viwiko vyako virudi mbavuni. Hii ni nyumba yako, ifunge. Kunja magoti, nyayo zikanyage chini karibu na makalio. Sasa subiri. Mwenzako lazima atafanya kitu: atakushika kola, au ataweka mkono kifuani kwako. Ukija mkono huo, ukamate kwa mikono yako yote miwili, mmoja kwenye kifundo, mwingine juu ya kiwiko, uubane kifuani usichomoke. Hilo gadi la kwanza.

La pili ni mguu. Tuseme umekamata mkono wake wa kulia. Kwa kuwa mnatazamana, mkono huo uko upande wako wa kushoto. Basi chukua mguu wako wa kushoto, uukanyagishe nje ya mguu wake wa kulia, uufungie hapo asiweze kuutoa pembeni.

Sasa inua kiuno juu kwa nguvu za miguu, kama daraja. Yeye atasogea mbele, uzito utamjia kichwani. Akiwa hapo juu, geukia bega lako la kushoto, utazame huko huko unakokwenda. Atapinduka kama gunia, nawe utajikuta uko juu, katikati ya miguu yake.

Wanaoanza hukosea hapa: wanainua kiuno na kugeuka kwa wakati mmoja, kiunokiuno tu, hakuna kinachotokea. Juu kwanza. Halafu geuka. Kosa la pili ni la hatari: kujiinua kwa kutumia shingo. Shingo yako si nguzo. Nguvu itoke miguuni, na uzito uishie kwenye bega.

(Kwa mashindano, daraja halina pointi zile 2, kwa sababu hukuanza ukiwa umemdhibiti kwa miguu. Lakini muulize aliyekaliwa kama anajali pointi.)

MKASI

Hii ndiyo niliyofanyiwa mimi mara sita. Hapa wewe uko chini lakini mwenzako yuko katikati ya miguu yako, amepiga magoti, nawe umemfunga kiunoni kwa miguu. Hapo hujabanwa. Wakongwe wa jujitsu wanapapenda hapo kuliko nyumbani kwao.

Mkono wako wa kushoto ushike mkono wake wa kulia wa nguo, karibu na kiwiko. Mkono wako wa kulia ushike kola yake. Fungua miguu. Sogeza kiuno chako kidogo kuelekea kulia, ulale kwa ubavu wa kushoto. Muundi wako wa kulia uupitishe tumboni kwake kwa ulalo, unyayo ukiwa umeng'ang'ania ubavu wake wa kushoto. Mguu wako wa kushoto unalala chini kabisa, umegusa goti lake la kulia kwa nje.

Umeona mkasi? Mguu mmoja juu, mmoja chini.

Kabla hujaufunga, mvute. Vuta kola na mkono wa nguo kuelekea kichwani kwako mpaka uzito wake ukulalie kwenye muundi. Magoti yake yanakuwa mepesi. Hapo sasa kata: mguu wa juu unasukuma kwenda kushoto, mguu wa chini unafagia goti lake kwenda kulia. Mkono wake wa kulia umeushika, kwa hiyo hana pa kujishikilia. Ataanguka upande huo, nawe mfuate hapo hapo usiachie, umkalie.

Yule msichana aliniambia siri moja. Kazi yote, alisema, iko kwenye kuvuta. Mimi nilipojaribu nilikuwa nakata tu kwa miguu kwa nguvu zote, na mwenzangu amekaa wima kama mlingoti. Wiki nzima sikufanikiwa. Siku niliyokumbuka kuvuta kwanza, alianguka mpaka nikashtuka mimi mwenyewe.

Na je, kama amekataa kuvutika, amejivuta nyuma na kukaa wima? Basi mfuate. Fungua miguu, inuka ukae kwa kuegemea mkono wa kushoto nyuma yako, mkono wa kulia upite juu ya bega lake la kulia ukumbatie mkono wake juu ya kiwiko, kisha mgonge kwa nyonga ukigeukia kushoto. Akisimama wima kabisa, shusha kiuno, mkamate vifundo vyote viwili vya miguu, sukuma nyonga zake kwa mapaja na magoti, atakaa chini. Huyu wa mwisho umwonye mwenzako kabla: kidevu kifuani, asigonge kisogo.

Umeona sasa mtindo wake. Akija mbele, mkasi. Akirudi nyuma, nyonga. Akisimama, vifundo. Humlazimishi aende unakotaka wewe. Unamsaidia kwenda huko huko alikoanza kwenda.

PUMUA, NA UGONGE

Kubanwa kifua kunatisha. Mwili unadhani unakufa, moyo unakwenda mbio, unaanza kurusha miguu ovyo. Hiyo ni kawaida, wala si uoga wako peke yako. Dawa yake ni pumzi. Vuta kwa pua, toa polepole, geuka kidogo kwa ubavu ili mbavu za upande mmoja zipate nafasi. Ukiweza kupumua mara tatu ukiwa umekaliwa, akili inarudi.

Na ikizidi, gonga. Kugonga ni kumpiga mwenzako viganja viwili vitatu mwilini, au kupiga mkeka, au kusema "basi". Maana yake: achia sasa hivi. Na mwenzako anaachia hapo hapo bila kuuliza. Hii ndiyo sheria inayofanya mchezo huu uwezekane. Bila hiyo ni ugomvi tu.

Mwezi Oktoba 1951, Helio Gracie, yule yule, alipambana na Mjapani Masahiko Kimura katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Kimura alimkunja mkono. Helio akakataa kugonga. Mkono ukavunjika, na bado hakugonga, mpaka kaka yake Carlos akasimamisha mechi. Watu wanaisimulia habari hii kama ushujaa. Mimi nikiisoma naona mkono uliovunjika.

Labda nasema hivyo kwa sababu ya ubavu wangu. Kwenye klabu moja niliyojiunga nayo baadaye (jina siliandiki) mwalimu alikuwa na msemo wake, "Hapa hatugongi, tunavumilia." Nikavumilia. Mtu wa kilo tisini alinikandamiza, nikasikia kitu kinalia ubavuni, na bado nikavumilia sekunde kumi zaidi kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Kwa mwezi mzima sikuweza kucheka wala kupiga chafya bila machozi. Hakuna aliyenikumbuka kwa uvumilivu wangu. Ukikuta mwalimu anayekataza kugonga, toka humo. Kabali nayo usiifanyie mzaha: mishipa ya shingo ikibanwa damu haifiki kwenye ubongo, na mtu huzimia ndani ya sekunde chache. Bwenini mkichezea kabali hakuna mwamuzi.

NGOZI YAKO NA DAMU YAKO

Mchezo huu ni wa kugusana, kwa hiyo magonjwa ya ngozi yanapenda sana kuusindikiza. Kubwa ni choa. Ni fangasi, linaanza kama kidoti chekundu au kilichopauka, kinapanuka kuwa duara lenye kingo zilizoinuka na linawasha. Ukiliona, usiingie mkekani. Nenda zahanati upate dawa ya fangasi, uipake kwa siku zote ulizoambiwa hata kama duara limefifia. Tafadhali usipake zile krimu za kuchanganya zinazouzwa mtaani. Nyingine zinapunguza wekundu kwa siku mbili tatu huku fangasi anajisambaza chini kwa chini. Majipu na vidonda vinavyotoa usaha navyo ni hivyo hivyo, tibu kwanza.

Oga kwa sabuni mara baada ya mazoezi, usisubiri jioni. Taulo lako ni lako. Kucha za mikono na miguu zikatwe fupi. Mikeka ioshwe kwa dawa. Usitembee pekupeku chooni halafu ukarudi mkekani, wala usipande mkekani na kandambili zilizotoka huko.

Kuna swali ambalo kila shule ninakokwenda lazima liulizwe, mara nyingi kwenye kikaratasi bila jina: "Naweza kupata Ukimwi kwa jasho la mwenzangu?" Hapana. Jasho, mate, na kugusana ngozi haviambukizi virusi vya Ukimwi. Damu ndiyo ya kuangaliwa. Mtu akitoka damu puani au akichubuka, mchezo usimame, damu ikomeshwe, kidonda kifunikwe, mkeka usafishwe, na anayesaidia avae glavu. Mwenzako anayeishi na virusi na anayetumia dawa zake vizuri hana sababu ya kufukuzwa mkekani, na wewe huna haki ya kuuliza nani ni nani. Sheria ya damu ni ya watu wote, kwa sababu hiyo hiyo.

SWALI LA MSICHANA WA KIDATO CHA TATU

Mwaka jana, baada ya kuonyesha daraja kwenye shule moja, wanafunzi walitawanyika kwenda kula. Msichana mmoja akabaki anakunja mkeka ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Kisha akaniuliza bila kunitazama: "Dada, na kama ni mtu mzima? Kama amekulalia na wewe hutaki, hii itasaidia?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Lilikuwa jibu tamu, na klabu nyingi zinajitangaza hivyo. Lakini nilimwambia ninavyoamini. Inaweza kusaidia. Mtu aliyezoea kubanwa na kupumua anaweza kupata ile sekunde ya kugeuka, kutoka na kukimbia. Kukimbia, siyo kubaki juu kusubiri pointi 2. Lakini mkekani mwenzako ana kilo zinazokaribiana na zako, hana kisu, na ukigonga anaachia. Huko nje hayo yote hayapo. Usiende peke yako kwa mtu unayemwogopa kwa kuamini kwamba unajua daraja.

Kisha nikamwambia jambo ambalo nadhani ndilo alilotaka kulisikia. Mara nyingi mtu akivamiwa mwili unaganda. Mikono haiendi, sauti haitoki. Hii huwapata hata watu wazima wenye nguvu. Kuganda si kukubali. Aliyeganda hana kosa. Mwenye kosa ni mmoja tu, yule aliyefanya.

Akaacha kukunja mkeka. Tulikaa pale mpaka kengele ya vipindi vya mchana ikalia, na yaliyozungumzwa ni yake. Nitakachokuandikia wewe ni yale ambayo kila mtu, mvulana na msichana, anatakiwa kuyajua kwa kichwa. Mtu akibakwa, aende kituo cha afya upesi iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na huendelea kwa siku 28. Zikianzwa mapema zaidi ni bora zaidi. Msichana anaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku 5, na hiyo nayo ni bora ikiwahi. Ikiwezekana asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa. Azipeleke kwenye mfuko wa karatasi. Lakini kama keshaoga, aende vile vile. Kwa Tanzania na Kenya, namba 116 ni ya msaada kwa watoto, haina malipo. Unaweza kupiga hata kama unampigia rafiki yako.

Na kuhusu mkeka wenyewe. Mwalimu anayekurekebisha anasema kwanza anagusa wapi na kwa nini, mbele ya wengine. Anayetaka kukufundisha peke yako, mlango umefungwa, au anayekwambia usimweleze mzazi, huyo usirudi kwake, na mwambie mtu mzima unayemwamini. Vile vile una haki ya kuchagua wa kufanya naye mazoezi. Kama hujisikii kucheza na mvulana, sema. Kama hujisikii kucheza na mtu anayejifanya amesahau kuachia ukigonga, sema kwa sauti.

UNATAKA KUANZA?

Judo inachezwa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na kwingineko. Mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Olimpiki ya Paris. Wasichana nao wasidhani mchezo huu ni wa kaka zao: judo ya wanawake imekuwemo rasmi kwenye Olimpiki tangu mwaka 1992, Barcelona.

Ukienda mara ya kwanza, tazama kipindi kimoja bila kushiriki. Angalia wanaoanza wanafundishwa nini kwanza. Kama ni kuanguka salama na kugonga, keti, umefika. Angalia kama wakubwa wanawaonea wadogo au wanawaacha wajaribu. Kama una pumu, kifafa, tatizo la moyo au umewahi kuumia shingo, zungumza na daktari kabla, na mwalimu ajue. Siku za hedhi hazikatazi mazoezi; ukijisikia vizuri cheza, ukiumwa tumbo pumzika. Na usikubali kukaa na njaa au kujinyima maji ili uingie daraja la uzito wa chini. Mwili wako bado unakua, unahitaji chakula.

Vaa suruali ya mazoezi isiyo na zipu wala vifungo, na fulana ngumu kidogo. Vua hereni, saa, bangili. Wanaofunika kichwa wavae ya kubana isiyo na pini. Beba maji, taulo na sabuni. Na kikata kucha, maana kuna mtu atakuwa amesahau chake, na huyo ndiye utakayepangiwa.